Mzee Aliyekataa Kuhesabu Ng'ombe

Katika miaka kumi na moja ya kufundisha Kiingereza huku Matiri nimekosea mambo mengi, na mengi yalipita bila mtu kugundua. Moja halikupita. Lilikuwa neno la Kiingereza lenye herufi sita, recant, na lilinikuta siku ya Jumanne, mwezi wa tisa, mbele ya wanafunzi thelathini na wanane wa kidato cha tatu.

Wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa kahawa na mahindi. Kimatengo ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha shuleni na kanisani, na Kiingereza ni cha mtihani. Siku hiyo tulikuwa tunasoma habari ya ufahamu kuhusu mzee mmoja aliyesema hadharani kwamba ng'ombe wa mtemi wameingia shamba la mjane na kumaliza mahindi. Mtemi akakasirika. Akamwita mzee mbele ya watu wote na kumwamuru afanye hilo jambo lenye herufi sita. Mzee akakataa. Swali la nne liliuliza kwa nini alikataa.

Msichana mmoja wa safu ya tatu, mrefu, sweta lake limefumuka kwenye kiwiko, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, recant maana yake nini?"

Sikuwa najua. Nataka hilo lieleweke vizuri: sikuwa najua hata kidogo. Lakini nilikuwa nimeshika chaki, nilikuwa nimevaa gauni langu jipya la kitenge, na mwalimu aliyeshika chaki ana ulimi wake wa pekee ambao hauingojei akili. Nikatazama ubaoni kana kwamba jibu limeandikwa pale, nikasema:

"Ni kuhesabu tena. Re ni tena, na hiyo nyingine ni kuhesabu. Mtemi alimwambia mzee ahesabu upya wale ng'ombe walioingia shambani."

Kidato kizima kikaitikia "aaa" kwa sauti moja, ile ya watu waliofunguliwa dirisha. Nami nikaridhika. Ng'ombe walikuwepo kwenye habari, kuhesabu kukakubalika, mambo yakakaa sawa. Ila yule msichana alikuwa bado amesimama.

"Lakini Mwalimu, count ina o na u. Hii ina a."

Hapo ndipo ningeweza kusema, hebu tuangalie kamusi. Kamusi ilikuwepo ofisini, hatua arobaini kutoka pale. Badala yake nikamwambia:

"Kiingereza umekitunga wewe? Kaa chini."

Wenzake wakacheka. Akakaa. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mama Kamusi, na mimi niliwasikia wakimwita hivyo nikajifanya sikusikia.

Neno lenyewe likapata miguu. Jumatano asubuhi kiranja wa usafi alisimama kwenye ndoo za maji akatangaza, "Jamani, tu-recant hizi ndoo, mbili hazionekani!" Nikapita kando nikiwa na fahari, kama mkulima anayeona mbegu yake imeota kwenye shamba la jirani.

Ijumaa nikakusanya madaftari ili niyasahihishe wakati wa likizo fupi. Nilianza kusahihisha palepale ofisini, na niliona majibu ya swali la nne yamenoga. Mzee alikataa kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi. Mzee alikataa kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Mzee alikataa kwa sababu alishahesabu mara ya kwanza na hesabu haibadiliki. Mmoja aliandika kwamba ng'ombe walikuwa hawatulii. Wote niliwapa vyema. Yule msichana peke yake aliandika, kwa Kiingereza safi, kwamba mzee alikataa kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu, kubwa, lenye mikia miwili.

Madaftari yote, niliyosahihisha na yaliyobaki, niliyafunga kwenye mfuko wa salfeti, na kesho yake nikashuka nayo ziwani.

Wakwe zangu wanakaa Ngumbo. Mume wangu ni kitinda mimba wao, na kila likizo mimi hutangulia na yeye hufuata akimaliza shughuli zake Mbinga. Mtu wa mlimani kama mimi akishuka kule kwanza hulalamikia joto, kisha hulalamikia ugali wa muhogo, kisha anakula samaki siku mbili na kunyamaza.

Baba mkwe ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ujanani alikaa seminari miaka sita, akatoka, akaoa, akalima mihogo, na mpaka leo ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango. Kutoka seminari alibaki na vitu viwili: Kilatini, na tabia ya kusahihisha watu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za mlimani?"

"Nzuri, Baba. Vumbi tu."

"Na hayo madaftari umekuja kuyaogesha ziwani?"

Siku ya tatu, baada ya chai, nilikaa barazani nasahihisha. Mama mkwe alikuwa uani, hatua chache kutoka kwetu, anapaa samaki, mbasa watatu wakubwa, magamba yanaruka mpaka kwenye mikono yake na kung'ara. Baba mkwe hawezi kukaa karibu na maandishi bila kuyasoma. Akavuta daftari moja. Akavuta la pili. Kwenye la tatu mabega yake yakaanza kutikisika, na kwenye la nne akavua miwani akafuta macho kwa pindo la shati.

"Mwalimu, huyu mzee alikataa kuhesabu ng'ombe?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu walikuwa hawatulii?"

"Huyo ni mmoja. Wapo waliotoa sababu nyingine."

"Na nani aliyewafundisha watoto hawa kwamba hili neno ni kuhesabu?"

Nilitazama ziwa. Ziwa halikunisaidia. "Mimi," nikasema.

Alijizuia kidogo, kwa adabu, kisha akashindwa, akacheka mpaka kuku wakahama kivuli. Alipotulia akalichora lile neno kwa kidole kwenye vumbi la baraza, akalikata katikati.

"Hii cant unaiona? Hii ni kuimba. Cantare. Sisi tuliimba misa nzima kwa Kilatini mpaka koo likakauka, siwezi kulisahau. Na re ni kurudi, kurudi nyuma. Recantare ni kuurudisha wimbo ulioutoa. Uliimba hivi mbele ya watu, sasa unasimama mbele ya watu walewale unauimba kinyume. Yaani unaondoa ulichosema."

"Kwa hiyo mzee…"

"Mzee aliambiwa akane maneno yake. Aseme ng'ombe hawakuingia shambani. Akakataa."

Nilihisi joto shingoni, na halikuwa la ziwani. Nikachukua simu, nikaenda pale kwenye pembe ya jiko ambapo mtandao hupatikana ukiinua mkono, nikafungua kamusi. Yote yalikuwepo. Kuondoa kauli au imani uliyoitangaza, hasa mbele za watu. Chimbuko lake Kilatini, kuimba kurudi nyuma, na Warumi wenyewe walikuwa wameliiga kutoka neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Waingereza walilichukua wakati wa magomvi yao ya dini, watu walipokuwa wakisimamishwa hadharani na kulazimishwa kusema kwamba waliyoyaamini jana leo hawayaamini. Hapakuwa na ng'ombe popote.

Nikarudi barazani nikatafuta daftari la yule msichana. Niliona lile kosa langu lenye mikia miwili. Nikamweleza baba mkwe habari yote, mpaka ile ya Mama Kamusi. Safari hii hakucheka.

"Huyo binti alikuwa na a yake mkononi," akasema. "Wewe ukamnyang'anya."

Tukaanza kutafuta Kiswahili chake, maana mimi nikijisikia vibaya hukimbilia tafsiri. Nikasema, kufuta kauli. Baba mkwe akakunja uso: kufuta ni kama kufuta ubao, anayefuta hahitaji hata kugeuka kuwatazama watu. Akasema, kukana. Nikasema anayekana mara nyingine anadai hakusema kabisa, na huo ni uongo juu ya uongo. Nikataja kula matapishi, kama wanavyosemana wanasiasa, akaniambia tusiharibu hamu ya samaki.

"Wazee wa Kilatini walikuwa na akili," akasema akijinyoosha. "Ulichokiimba kwa sauti, kirudishe kwa sauti."

Ndipo mama mkwe, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akaweka kisu juu ya jiwe.

"Kumbe neno lipo," akasema. "Na umelijua tangu seminari."

Baba mkwe akavaa miwani haraka, kama mtu anayesikia gari.

Lazima nieleze. Mama mkwe aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ile tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Miaka miwili iliyopita, mazoezi ya Krismasi, wimbo ulikuwa unavurugika, na baba mkwe akausimamisha kwa mkono, akamgeukia mkewe mbele ya kwaya nzima na kusema sauti yake imekuwa kama mashine ya kusaga isiyotiwa grisi. Watu wakacheka. Mama mkwe akafunga kitabu cha nyimbo, akamkabidhi jirani yake, akatoka. Tangu siku ile alikwenda misa kila Jumapili, akakaa nyuma na akina mama wenye watoto wachanga, na mdomo wake haukufunguka hata kwenye wimbo wa Bwana utuhurumie. Nyumbani alipika, alilima, alizungumza, alimcheka mumewe kama kawaida. Kuimba ndiko alikokuacha. Sisi wote tulijua na hakuna aliyegusa.

"Mama," baba mkwe akaanza, "yale yalikuwa mazoezi tu."

"Mashine ya kusaga."

"Ilikuwa utani."

"Isiyotiwa grisi." Akachukua samaki wa pili akamgeuza. "Mimi sikusoma Kilatini. Lakini nimesikia ulivyomfundisha mkwe wako. Uliimba mbele za watu, unarudisha mbele za watu, kwa kuimba. Hivyo ndivyo ulivyosema, au nimesikia vibaya?"

Nilijaribu kuinuka, maana si vizuri mkwe kukaa katikati ya mambo kama hayo. Mama mkwe akaninyooshea kisu, bila ubaya.

"Wewe kaa. Wewe ndio watu."

Baba mkwe alitazama mihogo iliyoanikwa, akatazama paa, akatazama ndala zake. Nilidhani atakasirika. Badala yake akasimama wima, mikono mapajani, kama anavyosimama mbele ya kwaya, akajipa nota kwa pua: mmmm. Kisha akaimba. Aliimba kwa ule mtindo wa zaburi, wa kukaa kwenye sauti moja muda mrefu na kushuka mwishoni.

"Mimi nilisema sauti ya mama ni ma-shi-ne. Haikuwa kwe-li."

Akavuta pumzi.

"Mimi ndiye niliyetoa nota ya juu mno, soprano wakashindwa, teno wakapotea, na yeye peke yake alikuwa ameshika mahali pa-ke."

Kuku walikuwa wamerudi. Jirani, mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la dagaa kichwani, alisimama kwenye ua wa matete akasikiliza kwa umakini wote, beseni halitikisiki.

"Nikaona aibu kusema ni mimi, nikamtupia ye-ye. Naomba arudi kwe-nye kwa-ya."

Akamaliza. Alikuwa anatoka jasho. Nami nilikuwa nimeuma ncha ya kitenge changu, ili nisicheke.

Mama mkwe hakuinua macho kwenye samaki.

"Pale kwenye mahali pake," akasema, "umeshuka nusu sauti."

"Nimeshuka?"

"Umeshuka. Rudia."

Akarudia. Aliurudia mstari ule mara tatu, mpaka mama wa beseni akapiga kigelegele na kuendelea na safari yake, na nina hakika kabla samaki hawajaiva kijiji kizima kilikuwa na habari. Mama mkwe akamenya kitunguu. Jumapili iliyofuata alivaa kitenge cha sare, akaenda mapema kuliko siku zote, na mimi niliyekaa nyuma niliisikia sauti ya pili ikiingia chini ya nyingine, nzito kidogo, na kweli ina mkwaruzo. Baba mkwe alikuwa anaongoza na mgongo wake umetuelekea, kwa hiyo uso wake sikuuona.

Nilipanda Matiri Jumatatu mchana nikiwa na dagaa, muhogo mkavu na kauli ya kurudisha. Njiani nilijitungia hotuba. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza kila jambo linakuwa rasmi na haliumi. Lakini Jumanne niliposimama mbele ya wale thelathini na wanane, nikayaona macho yao, hotuba yote ikayeyuka. Nikaandika lile neno ubaoni. Nikaligeukia darasa.

"Wiki mbili zilizopita niliwaambia neno hili ni kuhesabu tena," nikasema. "Si kweli. Sikuwa nalijua, na sikutaka mjue kwamba silijui. Maana yake ni kuondoa kauli uliyoitoa mbele za watu. Mzee alikataa kusema uongo ili apone."

Kisha nikamwangalia msichana wa safu ya tatu.

"Na kuna mtu aliniambia herufi hazifanani. Alikuwa sahihi. Nilimkalisha chini kwa kumwaibisha, na hilo pia nalirudisha. Na jina mlilompa, mliache hapa leo."

Hakutabasamu. Alinitazama kama anayepima kina cha maji kabla ya kuingia.

Kiranja wa usafi akanyoosha mkono kwa uchungu. "Mwalimu, na alama zetu? Sisi tulijibu kama ulivyotufundisha!"

Zogo likaanza. Wengine walisema zifutwe, wengi walisema zibaki, mmoja akasema zigawanywe nusu. Nikaamua zibaki, kosa lilikuwa langu. Ila yule msichana alipata zake, na nikamwomba atueleze aliwezaje kujibu bila kulijua neno.

Akasimama, akashika kile kiwiko kilichofumuka.

"Nilisoma mstari wa chini. Imeandikwa watu walilia mzee alipochukuliwa. Mtu hawezi kuliliwa kwa sababu amekataa kuhesabu."

"Inategemea ng'ombe ni wangapi," sauti ikasema kutoka nyuma, na darasa likaanguka kicheko. Hata yeye akacheka. Mimi nilicheka kupita wote, kwa sababu ya nafuu.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini kipindi kilipokwisha alinisaidia kubeba madaftari, na tulipofika kwenye ngazi za ofisi akasema, bila kunitazama:

"Mwalimu, mimi nilimwambia mama nimebishana na wewe. Akaniambia nimekosa adabu, nije kukuomba msamaha. Nilikuja Ijumaa jioni ofisini. Ulikuwa umeshaondoka."

Nilikuwa nimejipongeza kwa ujasiri wangu wa asubuhi, na kumbe wiki mbili nzima mtoto huyu alikuwa anabeba kosa langu kama lake, tena amelipeleka mpaka nyumbani likapata hukumu.

Jumamosi nikaenda kwao. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu, unapita kwenye mashamba ya ngoro, vile vishimo vyetu vya mlimani, vilikuwa vikavu vinangoja mvua. Mama yake nilimkuta kwenye chanja la kuanikia kahawa, anachagua punje mbovu. Ni mtu mzima kuliko mimi, nikamwamkia shikamoo. Aliponiona akafuta mikono kwa haraka, uso umejaa wasiwasi, na kabla sijakaa akaanza:

"Mwalimu, kuhusu huyu binti yangu, mimi nilishamkanya. Nilimwambia mwalimu habishiwi."

"Mama, nimekuja kwa sababu hiyo," nikasema. "Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikosea darasani, nikamwaibisha, na yeye alikuwa sahihi tangu mwanzo."

Akanitazama. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo, anajifanya anatafuta kitu ndani yake. Kisha akaniuliza polepole, kwa Kimatengo sasa, kama anataka kuhakikisha lugha haijamdanganya:

"Umetembea kutoka shuleni mpaka hapa kuja kusema hilo?"

"Ndiyo."

"Hilo tu? Hakuna michango?"

"Hakuna."

Vidole vyake vikarudi vyenyewe kwenye punje. Halafu akasogea upande mmoja wa chanja, akanionyesha nafasi, na akamwambia binti yake abandike viazi. Tukachagua kahawa pamoja mpaka viazi vikaiva. Mara mbili alinitolea punje nzuri niliyokuwa nimeitupa kwenye mbovu, akairudisha mahali pake bila kusema kitu.